Kuamua kama ukuta kati ya banda la gari na karakana uvunjwe

Mwenye karakana ya useremala nyumbani anapolalamika kwamba ukuta wa banda la gari unambana, anapaswa kwanza kujua ni nafasi gani hasa anayoikosa. Mara nyingi kinachopungua si ukubwa wa chumba bali ni njia ya ubao. Ubao wa futi 12 una urefu wa mita 3.66, nao ukipitishwa kwenye msumeno wa meza unahitaji urefu huo kabla ya msumeno na mwingine kama huo baada yake, yaani zaidi ya mita 7 zilizonyooka. Kwa haja hiyo peke yake, tundu la ukutani lililo usawa wa meza, ambalo ubao utatokezea upande wa gari na ambalo hufungwa kwa kifuniko kazi ikiisha, linatosha kabisa.

Ukiona bado kwamba ukuta wote uondoke, panda darini na tochi uzitazame kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Zikilala juu ya ukuta huo, au zikiungwa juu yake, ukuta unabeba paa. Zikipita sambamba nao, mzigo ni mdogo, lakini usiamue kwa hilo tu, kwa kuwa ukuta wa kati huzishikilia pia kuta ndefu za pembeni zisiyumbe. Linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya ukuta, nayo huwapotosha wengi: wakiiona imepita juu ya tofali hudhani itasimama yenyewe, ilhali linta iliyomwagwa juu ya ukuta mzima huenda haikuwekewa nondo za kuvuka nafasi tupu. Hapo hesabu ni ya mhandisi wa majengo, si ya fundi mwashi, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, na ni mhandisi huyo atakayesema mirunda ya kuegemeza isimamishwe wapi. Kibali cha halmashauri kiulizwe kabla ya siku ya kazi.

Jambo ambalo binafsi nalipa uzito zaidi ni kazi ambayo ukuta unaifanya kimyakimya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni, na cheche moja ya grenda au ya swichi yatosha kuuwasha penye vumbi la mbao na maranda. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Tundu la usawa wa meza huuacha ukuta wa chini ukiendelea kuuzuia mvuke huo. Kuuvunja wote huondoa kizuizi chenyewe.

Gharama nayo isipimwe kwa ujira wa kubomoa tu. Ukuta wa tofali ngumu za inchi 6, wenye urefu wa mita 5 na kimo cha mita 2.7, una uzito wa takribani tani 4, na kifusi hicho lazima kibebwe kipelekwe mahali; tena kuna nyaya za umeme zitakazohamishwa na sakafu mbili ambazo huenda hazilingani kimo.

Kabla ya lolote, liegeshe gari nje kwa wiki mbili, ukitoe kwanza chochote chenye petroli bandani, kisha uuhamishie msumeno humo. Ikiwa gari halikukupa taabu huko nje, karakana yako ya pili umekwisha kuipata, na ukuta umesimama palepale.