Katisha umeme wewe kwanza: kupima mfumo wa faili kwa xfstests

Msimu wa mvua uliopita, Papa (baba) mmoja mwenye studio ya picha hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, aliniletea diski yake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa anahamisha picha za ndoa kutoka kadi ya kamera, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipoifungua diski, majina ya faili yote yalikuwepo, yamefuatana vizuri: IMG_4410, IMG_4411, IMG_4412. Ukubwa wa kila moja: sufuri. Na kadi alikuwa ameshaifuta.

Mimi hapa Lubumbashi naunganisha mashine ndogo za kuhifadhia faili kutoka kompyuta za mtumba, nawauzia wenye studio, shule na farmasi. Tangu siku ile sitoi mashine mkononi mwangu kabla kerneli (kiini cha Linux) na mfumo wa faili utakaoishi ndani yake havijapita kwenye majaribio ya usiku kucha. Naandika hapa jinsi ninavyofanya, kwa yeyote anayejua kidogo Linux na anayeishi mahali ambapo umeme hauagi unapoondoka.

Kwanza uelewe kilichozipata zile picha. Ext4, mfumo wa faili wa diski ile, haichagui mara moja mahali pa kuweka data kwenye diski. Inaiacha kwanza kwenye RAM, na kwa mpangilio wa kawaida data inaweza kukaa humo sekunde 30 hivi kama hakuna programu iliyoomba iandikwe haraka. Habari za faili, yaani jina lake na mahali lilipo, zinaingia kwenye jarida la mfumo (journal, daftari la mabadiliko lililo kwenye diski) kila sekunde 5. Umeme ukienda katikati ya hapo, jina limeshafika na picha bado haijafika. Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa. Programu inayotaka uhakika lazima iite fsync, yaani iamuru data iandikwe diski sasa hivi, na isubiri jibu. Ugonjwa ni pale fsync inapojibu "tayari" halafu data haipo, na huo ndio tunaoutafuta.

Chombo chenyewe kinaitwa xfstests. Kilizaliwa kwenye kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wake wa faili, XFS, jina likabaki, lakini leo kinapima ext4, btrfs na mifumo mingine mingi, na ndicho wanachotumia wenyewe wanaoandika mifumo ya faili ya Linux. Ndani yake kuna majaribio mengi, kila moja ni hati fupi ya shell yenye namba. Yale ya folda ya generic yanafaa mfumo wowote.

Usiyaendeshe kwenye mashine yako ya kazi. Nalisema hili kwa uchungu. Mara ya kwanza niliandika /dev/sdb kama diski ya kuchezea. Nikawasha mashine upya, diski zikabadilishana majina, na sdb ikawa ile yenye nakala zangu za miaka miwili. Iliformatiwa kimya, bila kuniuliza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya hati zile: kuformati tena na tena. Zaidi ya hapo, baadhi ya majaribio yanaweza kuigandisha kerneli nzima. Tumia mashine pepe ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako.

Tengeneza mashine pepe yenye Debian, uiite msingi.qcow2, kisha diski mbili za pembeni:

qemu-img create -f qcow2 test.qcow2 10G
qemu-img create -f qcow2 scratch.qcow2 10G

Usiogope hizo giga 10. Faili la qcow2 likiwa tupu halijazi hata megabaiti moja, linakua kadiri linavyoandikwa.

Ndani ya mashine pepe, weka vifaa:

sudo apt install acl attr automake bc dbench dump e2fsprogs fio gawk gcc git indent libacl1-dev libaio-dev libcap-dev libgdbm-dev libtool libtool-bin liburing-dev lvm2 make psmisc python3 quota uuid-dev uuid-runtime xfsprogs xfslibs-dev sqlite3

Kisha uvute xfstests yenyewe. Kama unanunua mega kwa siku kama mimi, usisahau --depth 1, inakuletea hali ya leo tu bila historia yote:

git clone --depth 1 https://git.kernel.org/pub/scm/fs/xfs/xfstests-dev.git
cd xfstests-dev && make

Majaribio mengine yanahitaji watumiaji maalumu, kwa hiyo waongeze: sudo useradd -m fsgqa, halafu sudo useradd -m fsgqa2. Tengeneza folda /mnt/test na /mnt/scratch, formati diski ya kwanza kwa mkfs.ext4 /dev/vdb, kisha andika faili liitwalo local.config ndani ya folda ya xfstests-dev:

export FSTYP=ext4
export TEST_DEV=/dev/vdb
export TEST_DIR=/mnt/test
export SCRATCH_DEV=/dev/vdc
export SCRATCH_MNT=/mnt/scratch

Diski hizi mbili hazifanani kazi. TEST_DEV haiformatiwi kati ya jaribio na jaribio, inazeeka na kujaa makovu kama diski ya mteja. SCRATCH_DEV ndiyo inayosafishwa kila mara. Ukizichanganya utashangaa matokeo.

Anza na moja:

sudo ./check generic/001

Ikimaliza itasema "Passed all 1 tests". Hukumu inatolewa hivi: kila hati ina mwenzake, kwa mfano 001 ina 001.out, na humo yameandikwa maneno yanayotakiwa kutoka. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, jaribio limeanguka, na yaliyotoka kweli unayakuta results/generic/001.out.bad. Baada ya hapo diski inakaguliwa kwa fsck, mkaguzi wa mifumo ya faili, na ujumbe wa kerneli unasomwa kutafuta malalamiko. Kwa hiyo jaribio linaweza kutoa maneno yote sahihi na bado lianguke, kwa sababu limeacha diski ikiwa na jeraha.

Sasa umeme. Kerneli ina tabaka linaloitwa dm-flakey, linakaa kati ya mfumo wa faili na diski. Ukiliamuru, linapokea kila kinachoandikwa, linajibu kwamba limepokea, kisha linakitupa. Hati inaandika faili, inaita fsync, inaamuru tabaka lianze kutupa, inashusha diski (umount), inarudisha tabaka sawa, inapachika tena (mount) ili jarida lijirudie, halafu inaangalia faili liko vipi. Kwa mfumo wa faili, hakuna tofauti kati ya hapo na giza la mtaa wa Katuba saa mbili usiku. Kundi jingine la kuangusha mfumo, ninalolipenda kuliko yote, ni recoveryloop:

sudo ./check -g recoveryloop

Humo kuna generic/388 na generic/475, ambazo zinaandika kwa fujo, zinaangusha mfumo katikati ya kazi, zinaurudisha, zinaangusha tena, mara nyingi mfululizo.

Mdogo wangu anayejifunza kwangu aliniita asubuhi moja kwa furaha: "Yaya, yote imepita!" Nikamwambia: "Na ile haikutembea ni ngapi?" Tukasoma mstari wa "Not run". Majaribio yote ya kukata umeme yanayotumia dm-flakey yalikuwa humo, kwa sababu kerneli tuliyojitengenezea haikuwa nayo. Tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa kile kilichomleta Papa wa studio. Kwa hiyo kabla ya kulala, modprobe dm-flakey, halafu dmsetup targets, uone kama flakey imo kwenye orodha. Na asubuhi soma "Not run" kabla ya kusoma "Failures".

Kuyafanya yajiendeshe ni hati mbili (quick humo ni kundi la majaribio mafupi). Ya ndani ya mashine pepe inaitwa na systemd kila inapowaka:

cd /root/xfstests-dev || exit 1
siku=$(date +%F)
./check -g quick > /root/$siku.txt 2>&1
./check -g recoveryloop >> /root/$siku.txt 2>&1
tar czf /root/$siku.tgz results /root/$siku.txt
scp /root/$siku.tgz usiku@10.0.2.2:matokeo/
poweroff

Anwani 10.0.2.2 ni mashine mwenyeji kama inavyoonekana kutoka ndani ya QEMU, na usiku ni mtumiaji niliyemtengenezea kazi hiyo, mwenye ufunguo wa ssh ili asiulizwe nenosiri. Ya nje inaitwa na cron saa nne usiku:

qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 usiku.qcow2
timeout 8h qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -smp 2 -display none -serial file:konsoli.txt -drive file=usiku.qcow2,if=virtio -drive file=test.qcow2,if=virtio -drive file=scratch.qcow2,if=virtio

Mstari wa kwanza unatengeneza utando mpya juu ya msingi kila jioni. Msingi wenyewe hauguswi, hata umeme wa kweli ukikatika katikati ya majaribio, kesho unaanza safi. Ikishatokea hivyo, formati upya pia diski ya TEST_DEV. Na konsoli.txt ndiyo shahidi wako kerneli ikiganda: ongeza console=ttyS0 kwenye mstari wa kuwashia kerneli, na kila jaribio litaacha humo maneno "run fstests" na namba yake linapoanza. Namba ya mwisho kwenye faili ndiyo mshukiwa.

Kuna kazi ya siku ya kwanza ambayo wengi wanairuka. Endesha kila kitu kwenye kerneli unayoiamini, uhifadhi orodha ya yanayoanguka. Yapo yatakayoanguka bila kosa la mfumo wa faili, labda kwa sababu chombo fulani ni cha zamani. Kisha badilisha kitu kimoja tu, kerneli au chaguo la kupachika, na ulinganishe orodha mbili kwa diff. Lililoanguka leo na jana lilisimama, lirudie mara 20 peke yake: ./check -i 20 generic/475. Likianguka mara mbili katika 20, hilo ni kosa kamili. Mteja wako hatakatikiwa umeme mara moja tu.

Bado diski yenyewe haijapimwa, maana mashine pepe haijui diski ya mtumba inasema ukweli au inadanganya. Zipo, hasa ndani ya visanduku vya USB vya bei ndogo, zinazojibu "nimeandika" wakati data iko bado kwenye kumbukumbu yao ya ndani. Kwa hizo sina hati. Natengeneza orodha ya md5sum (alama ya ukaguzi ya kila faili) ya picha giga chache, nazinakili kwenye diski, naandika sync, na mara tu sync inaporudi navuta waya ukutani kwa mkono. Nawasha, napachika, naendesha md5sum -c. Nafanya hivyo mara tano kwa kila diski. Mashine ya Papa wa Kamalondo ilipita zote tano kwa diski ya tatu, mbili za kwanza nilizirudisha sokoni.