Namna ya kuitazama "Les Quatre Cents Coups" na kijana wako

Zima simu kwanza. Filamu hii ya François Truffaut ya 1959 haina rangi, na mwanangu alinung'unika dakika tano nzima, mwache anung'unike. Weka maandishi ya tafsiri, Kifaransa kiende zake. Antoine, mvulana ambaye ndiye mhusika mkuu, akimdanganya mwalimu kuwa mama yake amefariki, usicheke kabla ya kijana.

Simamisha kidogo pale Antoine anapoiba chupa ya maziwa, Paris baridi kali: anavyoyagugumia, kisha anavunja barafu ya chemchemi anawe uso. Mimi hapo hukumbuka usiku niliolala na njaa kibarazani kwa shangazi, nimetoroka nyumbani.

Mwisho, Antoine akifika baharini na picha ikaganda usoni mwake, usiguse rimoti. Wala usimuulize kijana wako amejifunza nini.