Saa ya mlima: jinsi ya kuchagua altimita kabla hujapandisha wageni

Mvua za masika zikikata, meza yangu ya ufundi saa hapa Moshi inaanza kujaa saa kubwa kubwa za mlimani. Wenyewe ni waongoza wageni na wasaidizi wao, na siku hizi hata wagumu, yaani wapagazi, waliopewa zawadi na wageni. Wengi wanakuja kubadilisha betri. Wachache wanakuja mikono mitupu, na hao ndio ninaowapenda: "Shikamoo fundi. Nataka kununua saa yenye altimita, ile ya kupima kimo, nichukue ipi?"

Wanategemea nitaje kampuni. Mimi nauliza kwanza: utaweza kuiseti mwenyewe, yaani kuiandikia mwinuko wa mahali ulipo, gizani, umevaa glavu? Kama huwezi, hata ya bei ya pikipiki haitakusaidia, maana altimita isiyosetiwa ni pambo la mkono.

Saa yenye sensa ya barometa haijui urefu wa mlima. Inachojua ni mgandamizo wa hewa. Pale Dar, usawa wa bahari, kiwango cha kawaida ni hektopaskali 1013 hivi. Ukifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, unabaki na karibu nusu ya hiyo. Saa inasoma mgandamizo, inatafuta kwenye jedwali lililomo ndani yake, kisha inakuandikia mita. Jedwali hilo ni la dunia nzima. Linachukulia kwamba ufukweni kuna nyuzi 15, na kila ukipanda kilomita moja joto linashuka nyuzi 6.5. Sasa niambie, nani aliwahi kuona nyuzi 15 Kigamboni?

Hewa yetu ina joto kuliko jedwali linavyodhani, hata huku juu. Hewa ya joto imetanuka, kwa hiyo inabidi upande zaidi ndipo mgandamizo ushuke kiasi kilekile. Matokeo yake saa inakupunja. Hesabu ya kukadiria ni hii: joto likizidi jedwali kwa nyuzi 10, saa inapunja kama asilimia 4 ya kimo ulichopanda. Chukua njia ya Machame. Umeseti getini. Kambi ya Barafu ni 4,673. Umepanda karibu mita elfu tatu, na saa inaweza kukuonyesha pungufu ya zaidi ya mita 100. Mwongozaji anarudi Moshi, ananiwekea saa mezani, anasema mbovu. Saa haina tatizo lolote. Imefanya ilichofundishwa.

Dawa ni kuseti upya kila penye kibao cha mwinuko. Njia ya Marangu ni rahisi kuliko zote kukariri: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Elfu moja kamili kila hatua, kama vile mtu alizipanga makusudi. Machame ina Machame Camp 2,835, Karanga 3,995, Barafu 4,673, halafu Stella, ukingo wa juu kabla ya kilele, 5,756. Ramani za zamani zina namba nyingine kwa baadhi ya kambi. Wewe shika za vibao, maana ndizo mgeni anazopigia picha. Hata kilele chenyewe, wapimaji wa mwaka 1999 walipata 5,892 kwa GPS, na kibao kinaendelea kusema 5,895. Huko juu saa nane usiku, mita tatu hakuna anayezidai.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia dukani ni njia ya kufika kwenye kuseti. Bonyeza, hesabu. Saa nzuri inakufikisha kwenye namba ya mwinuko kwa kubonyeza mara mbili tatu, unapandisha au unashusha, unatoka. Zipo zinazokupitisha kwenye menyu, na menyu ndani ya menyu, na zipo zisizokubali kabisa mpaka uziunganishe na simu. Hizo za simu mwachie mgeni. Vaa glavu ukiwa dukani, hata kama muuzaji atacheka. Kitufe kilichozama kwenye boksi la saa kinapendeza kwenye picha, lakini ukiwa na glavu za tabaka mbili hukioni. Na angalia taa: iwe inawaka kwa kitufe kimoja na kukaa sekunde kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo vimelificha kwenye kurasa za nyuma, nalo kwetu ukanda wa Ikweta ni kubwa kuliko Ulaya. Mgandamizo wa hewa unapumua mara mbili kwa siku. Unapanda mpaka kilele chake karibu saa nne asubuhi, unashuka mpaka saa kumi alasiri, unapanda tena saa nne usiku, unashuka tena saa kumi alfajiri. Weka saa mezani Moshi usiiguse: alasiri itakuambia meza imepanda mita ishirini na kitu tangu asubuhi. Ukiseti saa nne asubuhi na mwenzako akaseti saa kumi jioni, mtabishana njia nzima na wote mna haki. Setini pamoja, mahali pamoja, na kama mnaondoka kambini saa sita usiku, setini saa sita usiku, si wakati wa chakula cha jioni.

Nusu ya saa ninazoambiwa "imekwama" hazijakwama. Ziko kwenye hali ya barometa. Saa nyingi za aina hii, kama Suunto Core, zina hali mbili. Kwenye altimita, mgandamizo ukibadilika saa inasema umepanda au umeshuka. Kwenye barometa, inachukulia kwamba umekaa, kwa hiyo mabadiliko yote ni ya hali ya hewa. Mtu analala kambi ya Shira, anaweka barometa aone kama kuna mvua, asubuhi anasahau, anaanza kupanda kuelekea Lava Tower. Mwinuko umeganda palepale, na baada ya muda saa inaanza kupiga kelele ya dhoruba. Kwenye Core kengele hiyo inalia mgandamizo ukishuka hektopaskali 4 ndani ya saa tatu. Kupanda mita sitini sabini tu kunatosha kuifanya ilie. Jua jeupe, wageni wanatafuta makoti ya mvua. Ukichagua saa, chagua inayoonyesha wazi usoni iko hali gani, na mwambie muuzaji akuonyeshe kubadilisha. Akianza kugugumia, pengine hajawahi kuitumia.

Saa za GPS zina mahali pake. Zinakuchorea njia, na nyingi za leo zina vyote viwili, satelaiti na barometa, ambapo satelaiti inasahihisha barometa polepole. Lakini GPS peke yake ni dhaifu kwenye kimo kuliko ilivyo kwenye ramani, kwa sababu satelaiti zote ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya miguu. Ukiwa chini ya ukuta wa Barranco, au ndani ya msitu kabla ya Machame Camp, namba inarukaruka. Na betri inaliwa. Simu nayo? Simu nyingi tunazonunua huku hazina barometa, programu inakuonyesha kimo cha GPS, halafu baridi ya Barafu inaizima ikiwa na asilimia arobaini.

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea altimita ya warukaji wa parachuti, zawadi ya mgeni wake Mmarekani. Kidude kizuri, kioo kikubwa, namba unaziona ukiwa upande wa pili wa barabara. Analalamika haipandi. Nikamweleza: mtu anayeruka na parachuti anatoka kwenye ndege futi elfu kumi na tatu au na nne juu ya uwanja, anaanguka kwa mwendo wa kilomita kama 200 kwa saa, na swali lake ni moja tu, ardhi iko umbali gani chini yangu. Usawa wa bahari haumhusu. Ndiyo maana nyingi za kidijitali zinajirudisha zenyewe kwenye sifuri zikiwa chini. Mgandamizo ukibadilika taratibu, zinadhani ni hali ya hewa na kusawazisha. Sasa wewe unapanda pole pole, siku nzima, kama tunavyowaimbia wageni. Kwa macho ya kile kidude hujawahi kuondoka getini. Kwa kazi yake ni chombo bora, na kwa mrukaji hicho ndicho ningempa, chenye maandishi makubwa na kilichosetiwa kwenye uwanja atakaotua. Kwa mlima hakifai. Kijana alikiuza, akaongeza hela kidogo, akapata Casio ya mtumba ya sola.

Sola napenda, nasema wazi. Jua la Kibo lipo bure na saa hizo zinakaa miaka bila kufunguliwa, na saa isiyofunguliwa si rahisi kuingia maji. Shida yake ni mkono wa koti: ukiifunika siku saba mfululizo haili chochote, kwa hiyo kambini itoe nje. Za betri ya kidonge, aina ya CR2032, ni rahisi kwa sababu unaweza kubadilisha mwenyewe kwa shilingi ya sarafu. Lakini badilisha Moshi kabla hujapanda, kwa betri ambayo pakiti yake haijafunguliwa, na hakikisha mpira wa kuzuia maji umekaa kwenye mfereji wake, hauna nywele wala mchanga. Nimefungua saa zilizolowa njia ya Umbwe ambazo kosa lilikuwa unywele mmoja. Za kuchaji kwa waya zinahitaji pawabenki, na pawabenki nayo inaogopa baridi. Ilaze ndani ya begi la kulalia pamoja na saa.

Ukinunua mtumba, kama wengi tunavyofanya, sokoni au kwa mtu anayehama, kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Mimi mezani nina kopo la plastiki angavu la kuhifadhia chakula, mfuniko wake unabana kweli. Naweka saa kwenye altimita, naiacha itulie, naifunga ndani, halafu nakandamiza mfuniko kwa kidole gumba. Mgandamizo ndani unaongezeka, na saa isiyo na hitilafu inapaswa kushuka makumi ya mita mbele ya macho yako. Ukiachia, inarudi ilipokuwa. Isiposhuka, sensa imekufa au imeziba. Ikishuka isirudi, nayo iache. Usikate tamaa haraka kama namba inachelewa: aina nyingine baada ya dakika chache zinapunguza kasi ya kusoma ili kulinda betri, bonyeza upya kitufe cha altimita ndipo uanze.

Kisha geuza saa, au iangalie ubavuni, utafute matundu ya sensa. Ni vitobo vidogo, vingine vimefichwa chini ya kibati. Hapo ndipo vumbi la Saddle, ule uwanda kati ya Kibo na Mawenzi, linapolala, lile la kijivu laini kama unga wa muhogo, likichanganyika na losheni ya jua na jasho linakuwa saruji. Usichokoe kwa sindano. Sensa iko nyuma tu ya tundu, na ukiitoboa hakuna fundi wa kuirudisha. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, iloweke, itikise, isuuze, iache ikauke kivulini. Saa iliyochokolewa utaijua, pembe za tundu zina mikwaruzo inayong'aa. Hiyo mrudishie mwenyewe.

Masuala mengine ni madogo. Mkanda uwe mrefu ufungike juu ya koti, ila ukumbuke kipimajoto cha saa iliyo kwenye ngozi kinapima ngozi. Hakikisha inabadilika kutoka futi kwenda mita. Na usimwambie mgeni kwamba saa inapima oksijeni ya damu yake kwa sababu tu inaonyesha 4,700. Kazi hiyo ina kifaa chake cha kidoleni, na macho yako.

Faida unayolipia ni ile saa kumi alfajiri, mgeni amekaa kwenye jiwe anauliza bado kiasi gani. Jibu letu la siku zote ni "bado kidogo", na walishatuzoea. Ukiwa umeseti Barafu wakati wa kuondoka, unaangalia mkono: 5,460. Stella ni 5,756. Ongeza mita chache za kupunjwa, unamwambia bado chini ya mia tatu, na ni kweli.

Mahali pa kuseti huku chini, kama unatoka uwanja wa ndege: KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ni mita 894, Arusha Airport 1,387. Ukipata ya kununua, njoo nayo kabla hujalipa. Kopo lipo, na kukandamiza mfuniko sitozi. Betri ndiyo ninayouza.