Redio ya zamani iliyoharibika: usiichomeke kwanza

Ukipata redio kuukuu ya valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista), usikimbilie kuichomeka kwenye umeme uone kama italia. Kapasita zake za karatasi, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, mara nyingi huwa zinavuja, na moja ikipiga shoti inaweza kuiunguza transfoma. Fungua kifuniko cha nyuma, upime nyaya za transfoma kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Zikiwa zimekatika, fikiri mara mbili, kwani kupata transfoma nyingine inayolingana nayo ni kazi. Kapasita zenyewe zisikutishe, hubadilishwa. Mimi huogopa zaidi kioo chenye majina ya stesheni kilichopasuka na kasha lililoliwa na wadudu, maana vipuri hivyo kwa kawaida hutoka kwenye redio nyingine ya aina ileile. Valvu iliyoungua? Dogo hilo, nyingi bado zinauzwa.