Muvi imeingiza bilioni 2, sawa, ila za nani? Jinsi ya kusoma hesabu za boksi ofisi

Juzi kwa kinyozi pale Sakina, Arusha, watu kidogo washikane mashati kisa muvi. Chalii mmoja kashika simu anasema Avatar imepata faida ya dola bilioni 2.9, mwingine anakataa kabisa anasema Endgame, ile ya Avengers, ndo namba moja alisoma mwenyewe, afu kuna mzee alikuwa anasubiri zamu yake akadakia nyie watoto hamjui kitu, Titanic ilijaza watu kuliko hizo zenu zote. Kinyozi ikabidi azime mashine. Kilichonichekesha ni kwamba wote watatu walikuwa na kaukweli kao, kila mmoja alikuwa anapima na kipimo chake tu, na yule wa kwanza kosa lake lilikuwa neno moja, faida.

Kwaiyo nimeona niandike namna ya kuzisoma hizi namba, siku ukikuta ubishi wa hivi ujue pa kushika.

Anza na hili maana ukilikosa hapa mengine yote yanapinda. Boksi ofisi maana yake ni lile dirisha la kukatia tiketi. Namba unayoiona imeandikwa ni hela yote watu waliyolipa mlangoni, basi. Chukulia hiace inayopiga Kwa Mrombo mjini. Konda kakusanya laki mbili kutwa nzima, sasa we utasema mwenye gari kapata laki mbili? Hapo kuna mafuta, kuna msosi, kuna siku ya dereva na konda, kuna pancha, ndo bosi anapelekewa hesabu yake jioni, na siku ingine anapelekewa maneno tu. Muvi ni hivo hivo. Jumba la sinema ndo konda, studio, yaani kampuni yenye muvi, ndo bosi anayesubiri hesabu.

Mgawanyo wake uko hivi kwa makadirio ambayo watu wa hiyo biashara wenyewe wanayatumia: Marekani studio inabaki na kama nusu ya tiketi, wiki za mwanzo inachukua zaidi ya nusu na kadri wiki zinavyoenda jumba la sinema linabaki na kikubwa (ndo maana wenye majumba wanapenda muvi inayodumu, na ndo maana popkoni ni bei mbaya, ile hela ya popkoni studio haiigusi). Nje ya Marekani studio inapata kama asilimia 40, na China muvi ya nje inarudisha kama asilimia 25 tu. Shika hizo tatu kichwani, 50, 40, 25, unaweza kupiga hesabu yoyote ukiwa umekaa kwenye kiti cha kinyozi.

Tujaribu. Avatar ya 2009 imekusanya kama dola bilioni 2.92 dunia nzima, ukipiga kwa shilingi 2,500 kurahisisha ni trilioni 7.3 huko. Marekani na Kanada ni kama milioni 785, nje bilioni 2.1 na ushee. Nusu ya 785 ni kama 390, asilimia 40 ya zile za nje ni kama 850, jumla inakuja bilioni 1.25 hivi kabla hujatoa chochote. Kuitengeneza ilikula kama milioni 237, weka na matangazo juu yake, bado faida ni nene sana hakuna anayebisha, ila umeona tayari tumeshuka toka 2.9 hadi 1.2 na hatujafika hata kwenye gharama.

Sasa geuza upande wa pili. The Marvels ya 2023 ilikusanya kama milioni 206 dunia nzima, na bajeti yake ilipita milioni 200. Mtu wa haraka haraka ataona imerudisha hela. Piga hesabu: Marekani ilipata kama milioni 84, nusu yake 42, nje kama 121, asilimia 40 yake ni 48 au 49, unaishia na kama milioni 90 kwenye mfuko wa studio. Mtaji zaidi ya 200, mfukoni 90. Hapo hujagusa matangazo, na matangazo huwa hayamo kwenye ile bajeti wanayoitangaza, trela mabango na kuwazungusha mastaa nchi kwa nchi inakuwa ni fungu lingine kabisa. Ndo maana kuna kanuni ya mtaani huko kwamba muvi kubwa inatakiwa ikusanye kama mara mbili na nusu ya bajeti ndo uanze kusema imerudi. Ni kanuni ya kukadiria tu, usiende kuapia nayo, ila inakuokoa na aibu nyingi.

Na hata hiyo faida yenyewe ikishapatikana wanaweza kuificha! Mnaikumbuka Coming to America, ile ya Eddie Murphy ya 1988, mwana wa mfalme wa Zamunda? Ilikusanya zaidi ya dola milioni 280 duniani. Mwandishi mmoja anaitwa Art Buchwald akaenda mahakamani akidai wazo lilitoka kwake na mkataba ulisema atapewa sehemu ya faida halisi. Mahakama mwaka 1990 ikampa haki, kufika kwenye kuhesabu studio ikasema kwa vitabu vyetu hii muvi haina faida halisi. Milioni 280 na faida hakuna, unaelewa? Mahakama ikasema mkataba wa namna hiyo ni wa kuonea. Ndo maana mwenye akili huko Hollywood anaomba asilimia ya makusanyo, faida anawaachia wageni. Na we ukikuta mtu anasema muvi fulani "imepata faida kiasi fulani" mwulize kaitoa wapi, maana makusanyo yanatangazwa ila faida karibu kila mara ni makadirio ya watu wa nje.

Haya twende kwenye hela imetoka wapi. Ukifungua tovuti ya Box Office Mojo au The Numbers, ndo sehemu mbili watu wengi wanaangalia, utaona namba tatu: ya ndani, ya nje na ya dunia nzima. Hiyo "ndani" ni ndani kwao, Marekani pamoja na Kanada. Watu wengi wanabishana huku mmoja kashika ya ndani mwingine kashika ya dunia. Star Wars ya 2015, The Force Awakens, ndo yenye rekodi ya ndani, zaidi ya milioni 936, ila kwa dunia ziko kadhaa zimeipita. Afu kuna Ne Zha 2, katuni ya Wachina ya 2025, imepita bilioni 2 na karibu hela yote imetoka China kwenyewe, tena hesabu ile ya asilimia 25 hapo haiingii maana ni muvi ya nyumbani kwao, ile ni ya wageni. Watu wengi hapa mjini hata hawaijui, na iko pale juu na kina Titanic.

Lingine ni wikiendi ya kwanza. Vichwa vya habari vinapenda sana hapa, "imevunja rekodi wikiendi ya kwanza", Ijumaa hadi Jumapili, na zile zinazoonyeshwa Alhamisi usiku nazo zinasukumiwa humo humo kwenye Ijumaa. Cha kujua ni kwamba namba inayotoka Jumapili asubuhi ni ya makadirio, Jumapili yenyewe haijaisha na watu bado wako kwenye foleni, namba kamili inatoka Jumatatu na mara nyingine inashuka kidogo na hakuna anayerudi kusahihisha. Kama una dau na mtu, subiri Jumatatu.

Wikiendi ya kwanza inakuambia promo ilifanya kazi. Kama muvi yenyewe ni nzuri utaiona kwenye pumzi. Gawanya jumla ya ndani kwa wikiendi ya kwanza uone inakuja mara ngapi. Endgame 2019 ilifungua na milioni 357 na ikamaliza na 858, hiyo ni mara 2.4, yaani zaidi ya asilimia 40 ya hela yake ya ndani iliingia siku zile zile za mwanzo, wiki ya pili ikashuka kama asilimia 59, na kwa muvi kubwa za siku hizi kushuka nusu au zaidi ni kawaida tu. Titanic sasa, Desemba 1997, ilifungua na milioni 28 na kidogo, kitu ambacho leo watu wangeiandika imezama (samahani), ikakaa namba moja wikiendi 15 mfululizo na ikamaliza na milioni 600. Mara 21! Watu walikuwa wanaenda, wanalia, wanarudi na dada zao. Mi binafsi hicho ndo kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote maana hakinunuliki kwa mabango.

Na hapo ndo yule mzee wa kwa kinyozi anaingia. Tiketi ya Marekani mwaka 1997 ilikuwa kwa wastani dola 4.59, mwaka 2019 ilikuwa 9.16, imepanda karibu mara mbili. Gawanya: milioni 600 za Titanic ni kama tiketi milioni 130, milioni 858 za Endgame ni kama tiketi milioni 94. Hela nyingi, vichwa vichache. Kwaiyo mzee alikuwa sahihi kwa upande wa Marekani, kijana aliyemcheka alinyamaza kidogo. Ukirudi nyuma zaidi kuna Gone with the Wind ya 1939, hela yake kwa namba ni kama milioni 400 tu, ila inakadiriwa Marekani pekee zilikatwa tiketi zaidi ya milioni 200, nchi enzi hizo ina watu kama milioni 130. Ilirudishwa sinema mara kibao miaka na miaka, na hamna TV nyumbani ya kushindana nayo hapo mwanzoni, lakini bado. Ukiweka mfumuko wa bei yenyewe ndo inakuwa ya kwanza. Ufaransa wao wameamua kukata mzizi wa fitina, hesabu yao kuu ni vichwa vilivyoingia, hela inakuja baadaye, na kule Titanic ina zaidi ya milioni 20.

Yule wa Endgame naye hakudanganya, alichelewa tu. Julai 2019 Endgame kweli iliipita Avatar, tena waliirudisha sinema na vipande vya nyongeza ili isukume kidogo. Machi 2021 Avatar ikarudishwa China ikachukua kiti chake. Kwaiyo kila ukitaja namba moja taja na tarehe, na uangalie kama hela ya kurudishwa imo ndani.

Hii ya kwetu sasa. Hatari! ya John Wayne, ile ya kukamata wanyama, ilipigwa huku huku Tanganyika, Momella na pembeni yake, ikatoka 1962. Ukikuta namba za muvi za miaka ile kuwa makini, magazeti ya biashara yalikuwa yanaandika hela iliyorudi kwa studio baada ya majumba ya sinema kuchukua chao, siku hizi wanaandika ya mlangoni. Ukiweka hizo mbili pamoja ni kama kulinganisha hesabu ya bosi na makusanyo ya konda, muvi ya zamani itaonekana kama nusu ya ilivyokuwa.

Afu kuna vitu havimo kabisa. Netflix wao wanatoa masaa yaliyoangaliwa wanagawa kwa urefu wa muvi, ni mambo mengine, usiyachanganye na tiketi. Na vibanda umiza navyo havimo. Mi nimewahi kukaa duka la kujaza muvi kwenye flash Moshi, karibu na Mbuyuni, na Lion King ya 2019 ilipotoka watoto walikuwa wanakuja na mama zao mpaka tukachoka kuuliza, tukiona mtoto tu tunajua, Simba. Ile muvi ina bilioni 1.6 na zaidi kwenye jedwali, majina yenyewe ya Kiswahili, Simba, Rafiki, na katika hizo bilioni hakuna hata mia tano moja ya lile duka. Tulikuwa na daftari la kuandika kila flash iliyojazwa. Bosi alilitumia kufungia vitumbua.