Siku ya Kuvua kwa Mshipi na Familia: Anza na Mwezi, Vifaa Baadaye

Watu wa mjini wakipata hamu ya kwenda kuvua, wa kwanza kutafutwa ni muuza ndoana. Mimi naanza na mwandamo wa mwezi. Ukikosea siku, hata mshipi wa bei mbaya hautakusaidia. Maelezo haya ni ya mwambao wa Dar es Salaam na Bagamoyo, kwa kundi la watu sita hadi wanane ambao wengi wao hawajawahi kushika mshipi.

Hatua ya 1: Tafuta Jumamosi ya maji mafu

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kupita mita 3, na mkondo unakimbia. Siku hizo huku kwetu maji hujaa alfajiri na tena kama saa 10 alasiri. Kwa hiyo saa 4 asubuhi, watoto wakiwa ndiyo kwanza wamechangamka, bahari imeshakwenda zake na mmebaki mnatazama mchanga.

Maji mafu yako katikati ya bamvua mbili, yaani kama siku ya 8 hadi ya 10 tangu mwezi kuandama, na tena siku ya 22 hadi ya 25. Hapo maji hujaa katikati ya asubuhi, mkondo ni mpole, na chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, linakaa pale ulipolishusha. Mvuvi wa kazi atakucheka, maana samaki hula zaidi maji yakitembea. Ni kweli, lakini yeye anatafuta riziki. Wewe una shangazi anayeogopa hata kushika chambo. Lenga saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa. Ukiahirisha kwa siku moja, kumbuka kujaa kunachelewa kwa dakika 50 au zaidi.

Kisha angalia upepo. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje si ya wageni. Tanga mbili, pepo zinapobadilishana, ndio wakati mzuri. Soma utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, jioni ya kuamkia safari. Asubuhi, ukiona povu jeupe limetapakaa huko mbali, vueni ufukweni au ahirisheni. Upepo wa asubuhi mara nyingi huongezeka mchana.

Hatua ya 2: Mahali na chombo

Ukianzia Kunduchi, usidanganyike na uzuri wa visiwa vilivyo mbele yako. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Kwenda kuogelea na kula ni sawa, kuvua hapana. Muone afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wa pwani hiyo, uulize mnaruhusiwa kuvua wapi na leseni gani inatakiwa. Fanya hivyo siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari.

Nahodha awe mtu wa hapohapo. Kabaneni mapema juu ya bei, mafuta, na saa ya kurudi. Jaketi okozi ziwe kwa idadi ya vichwa, na za watoto ziwe za saizi ya watoto. Nenda ukazione kwa macho, usikubali "zipo, bosi". Watoto wa chini ya miaka sita mimi siwapandishi chomboni. Wabaki pwani na mtu mzima ambaye kazi yake ni kuwaangalia wao tu.

Hatua ya 3: Vifaa

Mshipi wa mkono unatosha. Nunua nailoni ya milimita 0.40 hadi 0.50, kila mtu mita 50, uzungushiwe chupa ya maji ya plastiki. Ndoana za namba 12 hivi zinafaa kwa changu wadogo na chaa. Kwenye ndoana hizi namba ikipanda, ndoana inapungua. Ongeza chubwi, kisu, ndoo, beseni na boksi la barafu.

Chambo bora cha mwanafunzi ni ngisi, kwa sababu nyama yake ni ngumu na haitoki kirahisi. Kamba anapendwa zaidi na samaki, lakini akidonolewa mara mbili ameshaisha. Kata vipande vyembamba, virefu kama nusu ya kidole.

Hatua ya 4: Somo nchi kavu

Nusu saa ya mchangani inaokoa saa nzima ya vurugu majini. Kwanza fundo: pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uzungushe ncha juu ya mshipi mara 5 au 6, irudishe kwenye kitanzi kilichobaki karibu na tundu, lowesha kwa mate, kisha vuta polepole. Mate si mazingaombwe. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika.

Pili, mkono. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada, usizungushwe kiganjani hata mara moja. Kolekole, samaki mwenye nguvu, akikimbia nao, unakata nyama. Wavuvi hukata pete za mpira wa baiskeli na kuzivaa vidoleni, waige.

Hatua ya 5: Kuvua

Shusha mpaka chubwi liguse chini, kisha pandisha kama dhiraa moja ili ndoana isinase kwenye mwamba. Tulia. Midono midogo ya harakaharaka iache ipite. Ukisikia mvuto mzito, vuta kwa mkupuo mmoja mfupi, halafu endelea kuvuta mkono juu ya mkono bila kulegeza. Mshipi unaopanda uangukie kwenye beseni, usilale miguuni mwa watu. Watu watatu au wanne wavue, wengine wasubiri zamu. Wote wakishusha pamoja, mtashinda mkifumua mishipi.

Samaki wa kwanza asishikwe na mgeni kabla nahodha hajamtazama. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na maumivu yake si ya mchezo. Aliyechomwa achovye jeraha kwenye maji ya moto kwa kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitali. Ndiyo maana mimi hubeba chupa mbili za moto, moja ya chai na moja ya maji matupu. Bunju, yule anayejivimbisha, mrudishe baharini. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Hatua ya 6: Chakula

Pika kana kwamba hamtapata kitu: wali wa nazi, maharage, matunda, maji mengi. Samaki wakipatikana, watoeni matumbo mapema, wakae kwenye barafu, kisha chumvi, ndimu na mkaa. Wadogo mno warudishwe wakiwa hai, na mtoto ndiye awarudishe.

Mkifika nyumbani, suuza mishipi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke kivulini. Ndoana zichomeke kwenye kipande cha kandambili kuukuu, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki.