Usiiamini mvua ya kwanza ya Septemba

Huku Kampala mvua za pili za mwaka huanza Septemba, ila zile za mwanzo hudanganya: siku mbili za maji, kisha jua kali wiki nzima. Mwaka jana nilihamisha miche ya sukuma wiki haraka haraka, ikanyauka yote. Siku hizi nachomeka kidole kizima udongoni. Ncha ikitoka kavu, nangoja. Hamisha jioni, mche hadi mche kama sentimita 45, halafu tandaza majani makavu ya mgomba. Yasiguse shina, la sivyo mchwa watakushukuru. Mbegu za dodo, yaani mchicha, ni ndogo mno. Changanya na mchanga, sia juujuu tu. Nyasi za uani zingoje, hazina haraka.